Michelle na Farasi Mpaka Baharini

Kijiwe chetu ni benchi mbele ya saluni, hatua chache toka kituo cha métro Saint-Guidon, Anderlecht. Jumamosi ile tonton Constant, tunayemwita Kilomètre kwa sababu ameendesha bus miaka mingi, alikuwa anabishana na Bienaimé, yaani Profesa, ambaye hajafundisha popote. Maman Sidonie, anayehudumia wazee kule Berchem, akafika mbio. Kabla sijammiminia kahawa, alishaanza.

— Ule muzee ninaogeshaka, jina yake Maman Michelle, amenielezea leo! Wakati ya crise, kazi zikikosekana, kabla ya vita ya pili, alikuwaka mutoto ya neuf ans, miaka tisa, kule milima ya Ardennes, mbali na bahari. Papa yake akakosa kazi, akaenda kutafuta ku bahari. Nyumbani mama na njaa. Tonton yake, ndugu ya papa, akasema: kesho farasi yenu anaenda kwa boucher, achinjwe.

— Boucher! akaruka Kilomètre.

— Donc alfajiri mutoto akapanda farasi. Peke yake! Anafuata papa.

— Ardennes mpaka bahari? Hata bus yangu ingeomba kupumzika!

Profesa akatikisa kichwa.

— Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ule farasi alilelewa vizuri.

— Analala ku mazizi, bafermier, wenye mashamba, banamupa maziwa. Anafika kwa Baflamand, hajue neno hata moja ya luga yao. Ananyoosha tu kidole, anaulizia bahari: la mer! la mer!

— Njia alionyeshwa na farasi, akasema Kilomètre. Farasi anasikiaka harufu ya chumvi toka mbali.

— Chumvi gani? akapinga Profesa. Vita ya kwanza ilipiganwa kule kule! Ule alikuwa farasi ya jeshi, barabara alikuwa anaikumbuka!

— Basi alikuwa na grade, cheo!

— Capitaine!

— Munyamaze! Sidonie akasimama, kahawa ikamwagika. Papa yake alikuwa ku plage, pembeni ya bahari. Kazi hana, kurudi nyumbani anaona haya. Anaona farasi anakuja, juu yake kitu kidogo mu couverture, mu blanketi. Ni binti yake! Akapiga magoti mu mchanga, akalia.

— Na farasi? nikauliza, roho juu.

— Kule bavuvi banavutaka nyavu ya crevettes, uduvi, na farasi, ndani ya maji. Walipoona kifua pana ya ule farasi, wakamupa papa kazi siku ile ile. Famille yote ikamufuata. Farasi njo aliwalisha!

Tukapiga makofi, wapita njia wakageuka. Profesa alikuwa anamkumbatia Kilomètre.

Mwisho wa benchi alikaa Hamissi, mgeni kutoka Tanga.

— Samahani, dada. Asubuhi ile mama yake alipoamka, akakuta kitanda kitupu... alifanyaje?

Sidonie akachukua kitambaa, akaanza kufuta kahawa iliyomwagika.

Kilomètre akaweka kikombe chini, akatoa simu, akaenda kusimama kando ya ukuta. Tulimsikia akiongea na mama yake:

— Allô, maman? Hapana, hakuna kitu. Ni mimi tu.