Bitabu Yenye Nililaza Chini ya Samaki

Bamama na batata, na ninyi benye muko kule nyuma karibu na mulango, Mungu wa huruma akuwe pamoja na shiye. Nimekuja kushuhudia, lakini haitakuwa ushuhuda ya kupiga makofi. Hii inanuka.

Munanijua. Nilivuka kutoka Congo na mutoto mumoja ku mugongo, binti, kipofu tangu surua. Leo naishi na samaki. Nanunua chisense, ile samaki ndogo-ndogo, ku Kabuta kule ku ziwa, nakausha, natia mu mifuko, naweka mu depo ya kanisa. Ufunguo iko kwangu. Na munajua namna tunafanyaka: mufuko ya chisense haigusi simenti. Ikigusa inavuta maji, inaoza. Lazima utafute kintu ya kulaza chini.

Mbele ya mvua kuanza, gari ilileta makartoni. Masomo ya bipofu, ile ya pembeni ya kanisa, ilikuwa imefungwa, balimu beko likizo, basi dereva akaacha mizigo mu depo. "Ni bintu ya masomo," akasema, akaenda. Nilifungua kartoni moja. Makaratasi nyeupe, nzito, hakuna wino hata kidogo. Mulinzi ya depo aliangalia pamoja na miye. "Awe, mayo, hapana mama," akasema, "hii ni makaratasi tupu." Bon, nikapanga makartoni chini, na juu yake mifuko ya samaki paka karibu na paa. Na ule mutu ya biro yenye ilituma mizigo, mwenye kazi ya kuifwata? Hakuja kuangalia. Aliandika rapoti kwamba bitabu bimefika bizuri ku mikono ya bipofu.

Ndugu zangu, nawaambia, ile miezi yote binti yangu alikuwa mwaka ya mwisho, anauliza, "Mama, bitabu ya sayansi itafika lini?" Miye namujibu, "Mungu anajua, mwanangu." Kweli alikuwa anajua. Alikuwa ananiona naikalia.

Mwalimu mumoja alimwambia binti aache sayansi, achukue masomo ya dini, juu kipofu hawezi kuona mududu mu darubini. Alisema vile akitafuna muwa. Binti alirudi nyumbani, hakukula.

Halafu asubuhi moja alikuja kunisaidia kubeba. Nilipotoa mufuko ya mwisho, mukono yake iligusa kartoni yenye ilipasuka. Alipapasa ukurasa, akageuza, akapapasa ingine.

"Mama, hii ni bitabu yangu," akasema. "Bipele byote ya herufi bimelala. Hapa palikuwa moyo ya mutu. Sasa niko nasikia chisense tu."

Nilitapika, bandugu, pale pale inje ya depo. Si juu ya harufu, ile niliizoea zamani. Miaka kumi na moja mutoto anasoma na vidole mu nyumba yangu, na miye sikugusa daftari yake hata siku moja. Nilijichukia.

Mutu ya biro sasa njo alikuja, na simu mu mukono. Alitaka binti ashike kitabu yenye kuoza, acheke, apigwe foto. Nilimufukuza mbele ya bantu. Sijaomba musamaha, na siombi leo.

Binti hakunitukana. "Mama, vidole yako inashonaka nyavu," akasema. "Kaa hapa." Akanipa kibao yenye matundu na musumari mufupi, akanifundisha herufi ya bipofu. Unatoboa ku mugongo ya karatasi, kutoka kuume kwenda kushoto. Ukurasa ya kwanza nilitoboa kama naandika barua, kutoka kushoto, akaisoma, akacheka paka machozi ikatoka. Rafiki yake mwenye kuona alikuwa anatusomea kitabu ya wino, shiye wawili tunatoboa. Mapicha nilitengeneza na nyuzi ya nyavu: moyo, figo, ua, nikabandika na uji ya muhogo. Hatukumaliza bitabu yote. Ekzame ilifika, akaingia na ile yenye tulikuwa nayo.

Alipita. Na sayansi njo alipita zaidi.

Aksanti kwa ule rafiki. Aksanti kwa bamama benye balileta nyuzi bila kuniuliza maswali. Kwa mwenye rapoti, siko na aksanti, Mungu atanisaidia na hiyo pia.

Miye nimejifunza hii: usipandishe muzigo juu ya kintu yenye hujagusa. Niko na ukurasa moja hapa, ile moyo ya mutu, kazi ya mikono yangu. Itapita kwenu, kila mutu afunge macho, aguse. Lakini ndoo ya maji iko pale ku mulango. Munawe kwanza. Mutoto wangu amechoka kusoma samaki.