Msumari wa Bi Nelda

Ijumaa ya tarehe 27 Juni 2025, Bi Nelda Tidwell, msomaji mkuu wa nyimbo katika Nyumba ya Nyimbo ya Hackberry, hapa Nashville, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na saba na miezi miwili. Katika muda huo ameona wakurugenzi wanne, mazulia matatu, mashine moja ya kahawa (ileile), na waandishi wa nyimbo wasio na idadi, kila mmoja akiamini kwamba dunia imekaa mlangoni ikiusubiri wimbo wake. Mmoja wa hao ndiye aliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu. Mkurugenzi wetu, Bwana Sutter, ameniomba nisizidishe ukurasa mmoja. Anayenijua anajua ombi hilo limeishia wapi.

Bi Nelda alikuja kutoka Centerville, akaajiriwa Aprili 1988 kupokea simu. Wakati ule waandishi walikuwa na tabia, ambayo haijaisha, ya kumwimbia wimbo mzima yeyote atakayeinua simu. Wapokea simu waliomtangulia waliulaza mkono wa simu mezani na kuendelea kupaka kucha rangi. Bi Nelda alisikiliza. Wimbo ulipokwisha alishukuru, kisha akauliza kitu kimoja kwa upole wa watu wa kwao: "Huyo mpenzi wako ubeti wa kwanza ana macho ya bluu, ubeti wa tatu ana ya kahawia. Huyo wa pili ni dada yake?" Ikafika mahali watu wanapiga simu kumuulizia mpokea simu. Mkurugenzi wa enzi hizo akaona heri ampe chumba.

Chumba chenyewe ni cha mwisho ghorofani, jirani na choo. Nje yake, kushoto kwa mlango, usawa wa bega, kuna msumari. Wageni hudhani picha imeanguka. Msumari ule una historia.

Mwaka 1993 nyumba hii ilirekodi wimbo wa huzuni ulioandikwa na mtu mwenye mkono mtamu wa gitaa kuliko wote waliowahi kupita hapa. Watu tisa waliusikiliza, wakafuta machozi, wakauingiza studio. Bi Nelda ndiye aliyepewa karatasi auchape, na bila gitaa akaona ambacho wale tisa hawakukiona: mama mzazi anazikwa ubeti wa pili, na ubeti wa nne yuko jikoni anakaanga kuku. Kesho yake alikuja kazini na nyundo ya mumewe, marehemu Hoyt. Kuanzia siku hiyo gitaa linabaki nje, msumarini. Mwandishi anaingia na karatasi yake peke yake, anasimama mbele ya meza, na kuyasoma maneno kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi. "Mchuzi mzuri huficha kuku mbichi," husema, na tangu hapo hakuna wimbo uliotoka nyumba hii bila alama ya vema ya penseli yake pembeni ya karatasi.

Mimi niliufikia msumari huo mwaka 2003, nikitokea Paducah, nikiwa na nyimbo kumi na nne na kofia niliyodhani inanipendeza. Nilisoma ya kwanza, ya pili, ya tatu. Bi Nelda alikuwa akichora vijistari kwenye karatasi ya pembeni. Nikajua anahesabu mistari iliyomgusa.

"Royce," akasema, "kwenu kuna mafuriko?"

"Hapana, Bi Nelda."

"Maana mvua imenyesha mara kumi na moja, na bado hujafika katikati. Hiyo siku alipokuacha, mvua ilinyesha kweli?"

Ilibidi niseme ukweli. Lilikuwa jua kali, tena nilikuwa nakata majani.

"Sasa mtu anayeachwa huku anakata majani, huyo ningependa kumsikia," akasema. "Aliyelowa ninao mia mbili kwenye kabati."

Miaka ishirini na miwili imepita na sijawahi kutoka mle ndani na vema kwa usomaji wa kwanza. Wenzangu wamewahi kuipata. Cass Lindahl, ambaye huwa ninaandika naye, aliipata wiki yake ya pili na hadi leo hunikumbusha, hasa tukiwa na wageni. Mimi nimetumbukia katika kila shimo ambalo Bi Nelda amelizungushia uzio. Nimeandika ubeti wa pili ambao, kwa maneno yake, ulikuwa ubeti wa kwanza uliobadilisha shati. Nimeandika wimbo wenye utangulizi mrefu hivi kwamba aliniuliza kama mwimbaji atakuwa bado hai kiitikio kitakapofika. Nimeingiza vivumishi vinne katika mstari wa maneno sita. "Kila neno humu ndani linalipa pango," aliniambia. "Hawa wanne wamekuja tu kulala."

Na kuna bata. Nisipomsema mimi, Cass atamsema kwenye sherehe, akiwa na kipaza sauti. Mwaka 2009 nilikuwa na wimbo wa mapenzi ambao mstari wake mmoja uliishia na "kupata," na ubongo wangu ukagoma kutoa neno la kulandana nalo. Mstari uliofuata akatokea bata, anaogelea. Bi Nelda aliinua macho.

"Huyu bata amefuata nini?"

Nikamweleza kwamba bata yule si wa hivihivi. Bata yule ana maana ya kina.

"Kina anacho," akasema Bi Nelda. "Maana ndiyo hana."

Penseli ikapita juu ya bata. Tangu siku hiyo, katika nyumba hii, neno lililoingizwa kwa ajili ya kina tu huitwa bata, na nimesikia kwamba msamiati huo umevuka barabara hadi kwa washindani wetu. Huo ndio mchango wangu mkubwa katika muziki wa nchi hii.

Mafanikio ya Bi Nelda si rahisi kuyaonyesha, kwa sababu kazi yake ni vitu ambavyo havipo. Nyimbo mia tatu na kitu zilizopita penseli yake zimesikika redioni. Hakuna hata mmoja wenye jina lake. Waandishi wengi, nikiwemo, tumewahi kumsihi akubali kuandikwa. Hujibu: "Mimi nimetoa tu. Mtu aliyekutolea mwiba humwandiki kwenye mguu." Wimbo wangu pekee mnaoujua, ule wa mlango wa wavu, ulikuwa na beti saba zenye mvua za viwango mbalimbali. Ndani yake ulikuwapo mstari mmoja kuhusu mlango wa wavu ambao baba hakuwahi kuutengeneza. Bi Nelda aliuzungushia penseli, akaniambia hapa ndipo wimbo ulipo, kwingine kote ni taarifa ya hali ya hewa. Niliondoka nimenuna. Wimbo ulikaa redioni wiki kumi na moja, na mama yangu anauita wimbo wa Royce. Sijamsahihisha.

Mwezi Mei Bwana Sutter akanikabidhi kazi ya pili: wimbo wa kumuaga. Akaweka sharti, na akalirudia mbele ya watu. Sheria ya nyumba haivunjwi hata kwa sherehe, kwa hiyo wimbo huo nao lazima upite kwa Bi Nelda na upate vema yake. Nikaelewa papo hapo kilichokuwa mbele yangu. Hii ilikuwa nafasi yangu ya mwisho duniani ya kupata vema ya usomaji wa kwanza. Akishaondoka, hata nikiandika kama malaika, nani ataniambia? Cass akaweka dau la sahani ya kuku wa pilipili kwamba sitaipata. Nikaweka sahani mbili kwamba nitaipata.

Kosa la kwanza lilikuwa kuwaalika wenzangu wote tuandike pamoja. Waandishi wanane, chumba kimoja, saa nne asubuhi. Kufikia mchana tulikuwa na viitikio vitatu, ugomvi mmoja, na bwana mmoja kutoka Teksasi aliyesisitiza mji wa kwao utajwe. Nikawashukuru na kuondoka na karatasi. Kosa la pili lilikuwa kuamini kwamba peke yangu nitafanya vizuri zaidi.

Jumatano ya tarehe 11 Juni nilitundika gitaa na kuingia. Nilikuwa na beti nne nilizozisafisha mwezi mzima. Ubeti wa kwanza Bi Nelda ni nyota. Wa pili ni mto. Wa tatu ni taa gizani, na wa nne ni mshumaa, kwa wale ambao hawakutosheka na taa. Nilisoma kama anayeomba chumvi. Nilipomaliza aliivua miwani.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, Bi Nelda."

"Basi uzime huo mshumaa."

Akauzima kwa penseli. Kisha akazima taa, akakausha mto. Nyota aliiacha kidogo, nikapata matumaini, kumbe alikuwa anachonga penseli.

"Mwanamke huyu simjui," akasema. "Hana hata goti bovu linalotabiri mvua kama langu. Umemwandika mtu yeyote, Royce, na mtu yeyote hajawahi kufanya kazi hapa."

Nikamwambia kwamba nimejitahidi kueleza tunavyojisikia sote. Akasema "sote" hawaandiki nyimbo, ushahidi ni wale wanane. Halafu akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Mimi naondoka Ijumaa ya tarehe ishirini na saba. Jumatatu yake, saa nne, wewe utafanya nini?"

Nilijibu bila kufikiri, na pengine ndiyo sababu. Nikasema nitapanda ngazi na karatasi yangu. Nitatundika gitaa msumarini. Nitanyoosha mkono nigonge mlango, halafu nitakumbuka.

Choo cha jirani kilivutwa maji, kama ambavyo kimekuwa kikifanya kila penye jambo zito kwa miaka thelathini na saba.

"Andika hilo," akasema.

Nilikaa kwenye ngazi za nyuma, nikaandika mistari minane. Hamna nyota. Kuna mwanamume, ngazi, msumari na mkono ulioinuliwa. Nikarudi, nikasoma. Huu ulikuwa wimbo mpya, kwa hiyo huu ulikuwa usomaji wa kwanza, na nadhani sote wawili tulikuwa tunalijua hilo. Bi Nelda alinitaka nimpe karatasi. Akausoma tena mwenyewe, midomo ikicheza. Penseli ikashuka kuelekea pembeni, mahali pa vema. Ikasimama. Ikarudi hadi mstari wa nane, ambapo nilikuwa nimesema nitabaki nimesimama pale mlangoni milele.

"Milele ni muda mrefu, mwanangu," akasema. "Saa nne na nusu una kazi na Cass."

Akalikata neno hilo moja. Kisha akaweka vema yake, kubwa kidogo kuliko kawaida, akainuka kwenda kutafuta kahawa, ingawa kikombe chake kilikuwa kimejaa. Sikumwonyesha. Mle ndani nimejifunza angalau kujua neno gani lisisemwe.

Neno moja lililokatwa lilitosha kuninyima ushindi: sahani mbili zimekwishaliwa, na Cass anasema kuku alikuwa mtamu. Wimbo mtausikia ukumbini baada ya chakula. Ni mfupi, msiende kuongeza chai katikati. Bwana Sutter alitaka kuung'oa msumari, auweke kwenye fremu na kumkabidhi Bi Nelda kama zawadi. Bi Nelda aliuliza kama nyumba hii imeacha kupokea waandishi wabovu. Baada ya kunitazama, Bwana Sutter aliirudisha nyundo yake stoo.

Na wasifu huu pia ulipita kwake. Ulikuwa kurasa sita. Niliufunga kama desturi inavyotaka, kwa kumtakia maisha mema, nikiamini kwamba hapo hata yeye hatakuwa na la kusema. Amelizungushia "mema" penseli na kuandika pembeni: "Yepi? Taja."

Haya, Bi Nelda, tunataja. Tunakutakia nyanya za Centerville zitakazoiva kabla kulungu hawajazigundua. Tunakutakia goti litakalokosea kutabiri mvua, kwa kuwa mvua ya kutosha ulishaipata kutoka kwangu. Tunakutakia Jumatatu za kuamka saa yoyote, mkate wa mahindi ukiwa bado wa moto, na redio ya jikoni ikipiga wimbo mbaya wenye bata watatu, nawe uuache uishe bila kutafuta penseli. Tunakushukuru kwa yote uliyoyatoa, ambayo shukrani kwako hayamo humu.

Miaka yako thelathini na saba tumeisoma bila gitaa. Vema.

Royce Pettigrew, kwa niaba ya waandishi wa Hackberry