Remedios Ylaya na Lengo Lililokataliwa Miaka Mitatu

Marehemu Remedios Ylaya, Meding kwa waliomzoea, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968 mjini Carcar, kisiwani Cebu, mtoto wa nne wa fundi viatu Porfirio Cabahug na mkewe Consorcia. Alisoma hapohapo Carcar, kisha akahitimu chuo jijini Cebu mwaka 1989, karo akiipata kwa kuwafulia wenzake.

Mwaka 1994 alifunga ndoa na Crisanto Ylaya, fundi wa meli. Kila Mwaka Mpya Meding alibandika malengo ya nyumba kwenye jokofu, na kila mara Crisanto aliongeza lake chini: “Meding acheke zaidi.”

Meding alianza ukarani katika kiwanda cha nguo huko Lapu-Lapu mwaka 1991. Mwaka 2006 akawa meneja utumishi. Alikuwa mkali. Agosti 2009 mshonaji Luzviminda, mjamzito wa miezi mitano, alimwendea ameshika kiuno.

“Dada Meding, leo cherehani siiwezi.”

“Mzigo unaondoka kesho, Luz. Jikaze, mama. Kesho utapumzika.”

Kabla ya saa tisa mimba ilikuwa imetoka. Kwenye mazishi ya kichanga hicho Meding alisimama nyuma kabisa; hakuna aliyemsalimu.

Januari iliyofuata, badala ya malengo kumi ya kawaida ya idara yake, alimpelekea mkurugenzi moja tu: mgonjwa apumzishwe kwanza, aulizwe baadaye.

“Ndiyo kazi ya mwaka mzima hii?” mkurugenzi alicheka.

“Nitaliandika kila Januari, bosi, mpaka ukubali au unifukuze.”

Lilikataliwa miaka mitatu. Mwaka wa nne kiwandani kilifunguliwa chumba cha mapumziko cha vitanda sita, chenye muuguzi. Meding alimkabidhi Luz funguo za chumba hicho. Neno msamaha halikutamkwa.

Mwaka 2022 Meding alificha maumivu miezi minane, akienda kazini kila siku. Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Luz alikuja nyumbani kwake Carcar kumlisha uji wa mchele.

“Nilikukatalia, Luz.”

“Ulinikatalia. Sijasahau. Kula, dada, uji unapoa.”

Alikula vijiko vitatu. Alifariki nyumbani tarehe 17 Julai 2023, mchana, akiwa na miaka 55.

Ameacha mume, mabinti wawili, Marivic na Jonalyn, mjukuu mmoja na ndugu watatu. Luzviminda ameketi leo pamoja na familia.

Mungu ampe Meding pumziko ambalo yeye mwenyewe hakujipa. Amina.