Carine Kyabu na Kwaresima Isiyoisha

Marehemu Carine Kyabu Mbayo alizaliwa Kinkondja, kando ya ziwa Kisale, tarehe 9 Mei 2005, mtoto wa pili wa Baba Albert Mbayo na Mama Denise Kitenge. Alibatizwa hapa Kamina mwaka uliofuata, familia ilipohamia mjini. Utotoni alipenda kula, tusifiche. Aligombea ukoko wa bukari, ugali wetu, na kaka yake Béni hadi sufuria ikapinduka, na bibi yake akambandika jina la Mama Sufuria. Aliliitikia kwa furaha.

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari hapa hapa, akapata diploma ya Serikali mwaka 2023. Ulimi wake ulikuwa mwepesi, na kicheko chake kilimtangulia mlangoni. Baada ya masomo alimsaidia mama yake kuuza samaki wakavu sokoni, na oda za simu alizipokea yeye. Simu hiyo alinunuliwa na mama, zawadi ya diploma.

Hakuolewa. Isaïe Muteba, kijana wa kambi ya kijeshi, alikuwa amekwisha kujitambulisha kwa wazazi, na siku ya mahari ilikuwa ikizungumzwa. Yuko hapa leo, nasi tunamwita mkwe.

Kuhusu ugonjwa, Mama Denise ameagiza tusifunike kombe. Mwanaharamu amekwisha kupita, na ametuachia jeneza.

Kwaresima ya mwaka 2024 Carine alianza kufunga. Sisi ni Wakatoliki tangu enzi za babu. Mtoto anayefunga ni sifa ya nyumba. "Mama, minyi niko nafunga juu ya Mungu," alisema, na mama akaamini. Pasaka ilifika, sote tukala, yeye akaendelea. Mama akatoa nia ya misa ya shukrani kwa uchaji wa binti yake. Ilisomwa kwa sauti kanisani, na wenzake wa chama cha akina mama wakampa mkono wa pongezi. Carine alikuwa kwenye benchi, ameinamisha kichwa. Sura ile inamrudia Mama Denise kila anapofumba macho. Wazazi mlio hapa, mtoto akifunga baada ya Pasaka, msimpongeze. Muulizeni.

Kumbe aliyekuwa akimfungisha si Mungu. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki tulikichaji wenyewe kwa sola ya jirani. Ndani ya simu mlikuwa na kundi la wasichana wasiojuana kwa sura, wakisifiana kwa kutokula na kumcheka aliyekula. Béni alipoligundua aliwaandikia wenye mtandao. Wakamjibu kwa Kifaransa safi kwamba hawakuona kosa lolote.

Mwezi Juni 2025 Carine alilazwa hospitalini. Huko, kwa uji wa kijiko na maneno ya sista mmoja mpole, akili yake ilianza kurudi. Aliingia tena katika kundi lile lile, safari hii kuwavuta wenzake watoke. Mmoja wao alikuwa Lydie, msichana wa Lubumbashi ambaye hatujui lolote lake zaidi ya jina. Mama alimsikia Carine akimrekodia sauti: "Lydie, kula, hata kidogo. Ambia mama yako akupeleke ku lopitalo. Usinifuate huku niko." Lydie akajibu: "Kesho nitamwambia."

Kesho yake kundi halikuwepo. Wenye mtandao walikuwa wameamka hatimaye, wakafuta yote bila kuuliza nani alikuwa amemshika nani mkono. Namba ya Lydie hatukuwa nayo.

Baba Albert alishangilia: "Bangefunga zamani! Ile kitu njo inaniuliya mutoto!"

Mama Denise akamjibu: "Njo vile, Baba Béni. Lakini sasa Lydie atasema na nani?"

Wote wawili wana haki, na hilo ndilo linalotunyima usingizi. Kundi lilipaswa kufungwa siku Béni alipoandika. Na siku lilipofungwa, palipaswa kuwa na mtu mlangoni wa kuwapokea watoto waliokuwa ndani.

Moyo wa Carine ulikuwa umechoka kuliko tulivyojua. Alifariki Alhamisi, tarehe 11 Septemba 2025, alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa mama. Neno lake la mwisho lilikuwa swali: "Lydie alijibu?" Mama Denise alimwambia ndiyo, amejibu, na amekula. Ulikuwa uongo. Ameukiri kwa padri, na bado unamkaa kooni.

Carine ameacha wazazi wake, kaka yake Béni, mchumba wake Isaïe, bibi yake wa Kinkondja, wajomba na mashangazi. Tulipokuwa tukiandika majina haya, Béni aliuliza Lydie awekwe wapi, maana hatujui kama yu hai. Mama Denise hakufikiri mara mbili: "Mumwandike pamoja na benye kuishi."

Tumemwandika. Mwenye ndugu Lubumbashi amuulizie.

Carine, tunamtafuta. Wewe pumzika kwa amani.