Mbia wa Doña Cuca

Wasikilizaji wapendwa, leo nitasoma polepole, maana kuna jina moja halitakiwi kuniponyoka. Redio hii inasikilizwa majikoni na kwenye mashamba ya letusi. Inasikilizwa pia na askari wa kaunti, mnajua. Marehemu nitamtaja. Mwenzake nitamwita Comadre, kama marehemu alivyomwita, kwa kuwa marehemu alimsimamia mwana wa mwenzake huyo kwenye ubatizo. Wewe unayemjua, tafadhali, funga mdomo.

Tumempoteza Doña Refugio Bojórquez. Doña Cuca wa duka la tortilla, hapa kusini mwa Phoenix. Yule yule aliyekufokea ukiminyaminya chapati zake za mahindi usizonunua. Mimi alinifokea mbele ya mchungaji wangu.

Alizaliwa Magdalena, kule Sonora, ng'ambo ya mpaka. Uraia wa huku alikuwa nao siku nyingi. Mumewe alipofariki, Comadre ndiye aliyeingia jikoni, akachemsha mahindi kwa chokaa, akasaga, akaliweka duka hai. Comadre hakuwa na kibali cha kazi. Doña Cuca alijua. Nani mtaani hakujua?

Halafu jimbo likatunga sheria yake.

Niseme vizuri, maana wengi walichanganyikiwa. Uhamiaji ni mambo ya Washington, ya serikali kuu. Jimbo halina mamlaka hayo. Lakini sheria ya Washington iliacha upenyo wa neno moja: leseni. Jimbo likapenya hapo hapo. Likasema, sisi tunamgusa mwajiri tu. Leseni ya biashara tunatoa sisi, na sisi tunaichukua. Ukiajiri asiye na kibali, duka linafungwa kwa muda. Ukirudia, ndiyo basi tena. Baadaye kesi ilifika mahakama ya juu kabisa, na jimbo likashinda.

Hofu iliyoingia mtaani, jamani! Waajiri waliokula na watu wao meza moja waliwafukuza asubuhi, hawakuwatazama usoni. Kila gari jeupe kama la askari likipita, mazungumzo yanakatika. Hapa redioni simu zililia: askari wako barabara gani leo? Nikazitangaza, moja moja.

Wakili mmoja akaja kutueleza sheria kwenye ukumbi wa kanisa. Watu walilia. Doña Cuca akanyoosha mkono, akauliza: sheria inasema mwajiriwa, je, mwenye duka naye ni mwajiriwa? Wakili akajibu kwamba mwenye duka wa kweli hajiajiri. Lakini awe mwenye duka kweli, si wa jina tu.

Bintiye, Ofelia, ananiambia waligombana wiki nzima, kwa kuwa mama alitaka kumpa Comadre nusu ya duka. Alimwambia mama yake kwamba hiyo ni nusu ya jasho la baba, na kwamba askari wakija watachukua duka na Comadre pamoja. Mama alimjibu kwamba naye anaogopa. Lile jibu lilimtisha Ofelia kuliko ugomvi, kwani hakuwahi kumsikia mama yake akikiri woga.

Wakasaini ubia. Nusu kwa nusu. Comadre akafuta mikono kwenye aproni, akasema, "Haya, Doña Cuca. Na mimi bosi sasa. Kesho masufuria unaosha wewe." Na aliosha kweli, akinung'unika.

Askari walikuja siku ya soko, watatu, duka likiwa limejaa. Kuna mtu alikuwa amewachongea wale wanawake. Ofelia alikuwepo. Anasema wateja waliganda na pesa mkononi. Comadre alikuwa kwenye mashine, uso mweupe kama unga. Mkubwa wao akamnyooshea kidole, akauliza mfanyakazi huyu ameajiriwa lini.

Doña Cuca aliegemea kaunta. "Mimi sijaajiri mtu," akasema. "Huyo ni mbia wangu. Leseni ndiyo hiyo ukutani, ina majina mawili. Ukiifunga ya kwangu, umefunga na ya kwake."

Mkubwa akaisoma. Akaisoma tena. Akasema watarudi, wakaondoka. Doña Cuca akakaa chini sakafuni, nyuma ya kaunta, na hakuna aliyeweza kumwinua kwa muda mrefu.

Hawakurudi. Lakini wasikilizaji wapendwa, ubia si kibali. Ulilinda duka, Comadre haukumlinda barabarani. Wale wanawake wawili waliishi miaka wakisikiliza mlango. Ofelia anasema, "Daktari ameandika moyo. Mimi nilimwona mama yangu akiruka kila kengele ilipolia. Ni woga uliomuua."

Doña Cuca aliomba azikwe Magdalena, kando ya mama yake. Jeneza lilivuka mpaka bila shida. Marehemu haulizwi sana. Comadre alimsindikiza hadi mlango wa duka, akaishia hapo. Angevuka kwenda kumzika, asingerudi tena kwa wanawe. Basi kaburini Ofelia alipiga simu, akaishika juu ya shimo. Comadre akasikiliza udongo ukimwangukia mwenzake, amesimama jikoni, mashine zimezimwa.

Ofelia, pole sana, wewe na ukoo wote wa Bojórquez. Wengine, mkikaa mezani leo, jiulizeni aliyewapikia mngemwita nani askari akiuliza.

Na wewe nisiyekutaja, najua unanisikiliza. Misani leo watasoma jina la Ofelia kama mfiwa. Mfiwa ni wewe pia. Pole, mama.