Koti la Mikono Miwili ya Kushoto

Fungeni mlango, mkae, na hizo simu ziwekeni chini, kwa maana leo kichwa changu kimetulia na sijui kesho kitaamkaje. Na wewe mwanangu mkubwa usinikatize, nakujua.

Cherehani yangu, mkasi mkubwa na chumba hiki cha kushonea nampa mjukuu wangu huyu aliyesimama mlangoni, ambaye mlimpiga marufuku kuingia humu tangu lilipoharibika koti la bwana harusi. Mlimfokea mtoto wa miaka kumi na sita mbele ya mteja, mkamwita mzembe, naye akainamisha kichwa akasema, "Nisameheni, ni mimi." Mwongo mkubwa huyo! Aliyekata ni mimi. Miaka arobaini na mbili nimeshika mkasi, siku ile nikakata mikono ya koti yote miwili ya kushoto, nikaishona, nikaipiga pasi, nikajisifu. Yeye ndiye aliyeona, akafumua, akahangaika na kipande kilichobaki apate mkono wa kulia, kikapelea. Akaona heri atukanwe yeye kuliko ninyi mjue kwamba bibi yake anapotea. Nami nilijua, wanangu, nikanyamaza. Niliona aibu, naiona hata sasa.

Basi kuanzia leo ataingia. Mnalalamika kwamba alikuwa akinidanganya, ati akinikuta simjui hujifanya mteja, akasimama hapo nimpime kifua, kiuno, urefu wa mkono. Mwacheni! Ninyi mkija mnaniuliza, "Mama, mimi ni nani?" kama polisi. Mjukuu wangu huyu, mke mwenzangu, haniulizi kitu, ananyoosha mkono tu, na utepe ukigusa bega lake vidole vyangu vinaikumbuka kazi, nami najiona mtu tena.

Na hili lisikilizeni vizuri. Ipo siku nitamfukuza kwa kinywa changu mwenyewe, nitasema simjui, nitamwita mwizi wa mkasi. Siku hiyo msinisikilize. Mwenye kauli ni mimi wa leo, na mimi wa leo nasema asitolewe humu na mtu yeyote, hata mimi.

Nipeni maji. Ufunguo uko kwenye kopo la vifungo, apewe... apewe yule, nimeshamtaja. Cherehani itiwe mafuta. Msigombane, wanangu. Mungu awatunze, awape subira na wazee wenu, na watoto wenu wawape ninyi subira hiyo hiyo. Nilikuwa nasema nini? Koti. Koti limekwisha, mwenyewe akija mpeni.

Na wewe binti hapo mlangoni, unalia nini? Pita ndani, mama, usiwaogope hawa, hata mimi siwajui. Umekuja kushonesha? Haya, njoo karibu. Nyoosha mkono nikupime.