Mafuriko ya Tisini na Mbili

Kijiwe cha Fides, muuza kahawa, kilikuwa mtaa wa bondeni, Tunduma, pale foleni ya malori ya Zambia inapokata kona. Benchi moja refu, birika la kahawa ya tangawizi juu ya mkaa, kashata kwenye sinia, na wanaume watatu ambao ungedhani wameajiriwa kubishana. Danford aliwajazia madereva fomu za forodha, na kwa kuwa mwandiko wake ulisomeka, wakamwita Profesa. Watson alibadilisha fedha, akaitwa Kwacha. Wa tatu alikuwa Makene, mfugaji wa Kisukuma kutoka tambarare za Momba, ambaye kila akija mjini kuuza ng'ombe alishinda benchini mpaka jioni. Huyo walimwita Fahali. Mwaka ulikuwa 2012, Tunduma bado inahesabiwa mkoa wa Mbeya.

Lakini umaarufu wao haukutokana na kazi hizo. Ulitokana na kuhojiwa.

Ilianza mwaka 1998. Kijana mmoja wa chuo kikuu alikuja kutafiti majanga, akazunguka mtaa siku tatu na hojaji yake akiulizia mafuriko, asipate hata mtu mmoja aliyewahi kulowa magoti. Siku ya tatu akaketi pale benchini amenywea, kahawa inampoa mkononi. Danford akamwonea huruma. Alipoulizwa walipatwa na mafuriko lini, akajikuta amesema tisini na mbili, na kwamba maji yalibeba daraja la miti na mbuzi kumi na mmoja. Kijana akaandika kama mtu anayefukuzwa. Watson naye hakutaka kuachwa nyuma, akatumbukiza baiskeli ya katekista.

Kwa mafuriko hayo kijana yule akapata udaktari wake, na baadaye akawa profesa wa kweli. Wanafunzi wake wakaanza kuja, leo huyu, mwakani yule, na kila mmoja aliagizwa aanzie kwa Fides. Walinunua soda, wakawasha vinasa sauti, wakauliza yale yale. Kwa kila mgeni maji yalipanda kidogo. Kufikia mtafiti wa tano yalikuwa yamepita madirisha. Makene alisimulia jinsi alivyomwona ng'ombe amesimama juu ya paa la bati, akashukuriwa sana, na kwenye kitabu akaandikwa mkazi wa siku nyingi. Makene alihamia huku kutoka Shinyanga mwaka tisini na sita.

Danford hakuona ubaya. Watoto wa watu wanapata vyeo, wao wanapata soda, na hayo maji hayajamlowesha mtu.

Imelda alikuja mwezi wa kumi. Alikuwa binti wa wakulima wa kahawa wa Igamba, wa kwanza kwao kufika chuo kikuu, na sasa alikuwa mwaka wa nne wa shahada ya uzamivu chini ya profesa yule yule. Hakuwa na haraka. Alimwamkia Danford, akamwita baba, wakaongea Kinyiha kidogo, na badala ya soda akaagiza kahawa. Kisha akakunjua ramani juu ya benchi. Mtaa wa bondeni wote ulikuwa umepakwa rangi nyekundu.

Akaeleza, bila kujivuna, kwamba ramani hiyo ndiyo tunda la kazi yake na ya wote waliomtangulia. Penye rangi nyekundu ndipo maji yanapoweza kurudi. Wakubwa wa mji wameiomba, na ikishapitishwa, waliojenga humo watahamishwa. Danford akaitafuta nyumba yake kwa kidole. Ilikuwa katikati kabisa. Chumba cha Fides kilikuwa pembeni yake.

— Nimebakiza kitu kimoja tu, alisema Imelda. Nionyesheni maji yalifika wapi, nipime, nichore mstari.

Watson akanyoosha mkono kwenye ukuta wa ghala lililokuwa mbele yao, usawa wa shingo. Makene akasema hiyo ni shingo ya mtoto, yeye aliyaona yakipita juu ya mlango. Watson akamkumbusha kuwa ghala lenyewe limejengwa mwaka 2003. Makene akajibu kwamba basi yalifika pale ambapo mlango ungekuwa kama ghala lingekuwepo. Watson akaikubali hoja hiyo, ila akadai maji yalitokea Zambia, kwa sababu yalileta samaki ambao jina lao lipo kwa Kibemba tu. Makene akakataa katakata: yalitoka chini ya ardhi na yakarudi huko huko, ndiyo maana hayakuacha alama popote. Imelda alikuwa ameacha kuandika. Aliwatazama mmoja mmoja, kalamu imesimama.

Danford akaitazama tena ile rangi nyekundu. Akisema ukweli, msichana huyu anapoteza miaka minne. Akinyamaza, watu wa bondeni wanafungasha vyombo kukimbia maji aliyoyamwaga yeye. Fides alikuwa anamimina kahawa, hajui kama chumba chake kimo kwenye ramani.

— Mwanangu, hakukuwa na mafuriko.

Imelda akacheka kwa adabu, akidhani ni utani wa kijiweni. Kisha akamwangalia vizuri usoni.

— Baba, mafuriko haya nimeyasoma kwenye tasnifu saba.

— Zote saba zilikaa hapo ulipokaa.

— Profesa, unaharibu mchongo, alinong'ona Watson, akageuka kutazama malori. Makene akashusha kofia hadi kwenye nyusi.

Imelda aliinamia ramani yake. Aliponyanyua uso hakuuliza kwa nini walidanganya. Aliuliza kwa nini tisini na mbili, kwa nini si mwaka mwingine wowote.

Hilo Danford hakuwahi kuulizwa. Akaanza kulieleza polepole, na kadiri alivyoeleza, sauti ikazidi kushuka. Mwaka ule mvua haikuja. Wakati huo alikuwa na shamba karibu na Nanyala, na mahindi yalikauka yakiwa usawa wa goti. Mbuzi kumi na mmoja walikuwa wake. Walikufa kwa kiu, leo mmoja, kesho mwingine. Mkewe alisonga pumba ili watoto wadhani wanakula ugali. Ndipo wakahamia Tunduma. Hojaji ya yule kijana wa kwanza haikuwa na nafasi ya ukame, ilikuwa na ya mafuriko. Mwaka ulikuwa umemkaa mdomoni, akautoa kwa njia ya maji.

— Na hukumwambia mtu miaka yote hii?

— Hakuna aliyeuliza.

Imelda akaikunja ramani. Akafungua ukurasa mpya wa daftari na kumwomba aanze tena, kuanzia shambani. Waliongea mpaka Fides akaongeza mkaa mara mbili, na safari hii Watson na Makene hawakuchangia neno.

Mambo hayakumwendea kirahisi. Profesa wake alimwambia kwamba jambo lililothibitishwa na tafiti saba haliwezi kufutwa na mzee mmoja wa kijiweni, akajitoa kumsimamia. Imelda akahangaika hadi akapata msimamizi mwingine, akaanza upya na ukame, akamaliza mwaka 2015. Ile ramani hakuwapelekea wakubwa wa mji, ikaishia kabatini kwake. Kitabu chake kilikuwa cha Kiingereza, kwa hiyo alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Danford, akakaa jikoni, akamfasiria mke wake kwa Kinyiha ukurasa wa pumba. Mama yule alisikiliza hadi mwisho, kisha akamwomba arudie.

Mwezi uliofuata akaja kijana mwingine kijiweni, shati limenyooshwa pasi, hojaji mkononi. Alikuwa anatafiti mafuriko ya tisini na mbili. Danford akamweleza wazi kwamba hayakuwepo, ilikuwa kamba tu, na wenzake wakaitikia kwa vichwa. Kijana akatoa makala ya yule profesa wa chuo kikuu kwenye begi, akaiweka juu ya benchi, aya yenyewe imepigiwa mstari. Hakuwa na kiburi hata kidogo. Alitaka tu kuelewa.

— Sasa kama hayakuwepo, mbona yameandikwa?

Watson akamtazama Makene. Makene akamtazama Danford. Danford akaivuta ile makala, akawatafuta mbuzi wake kwa kidole. Fides akatikisa birika, akaona limekwisha, akaanza kukusanya vikombe.